Wembe wa Chini ya Kabati

Twalibu wa Bwiza alikuwa fundi wa baiskeli, naye aliamini kwa moyo wake wote kwamba hakuna kitu duniani kisicho na undugu na baiskeli. Mlango ukilia, aliupaka grisi ya mnyororo. Mguu wa kiti ukilegea, aliukaza kwa waya wa breki. Hata jino lilipomuuma, alimweleza daktari kwamba anahisi boli moja imelegea upande wa kushoto, karibu na pedeli. Daktari alimwomba tu apanue mdomo.

Kibanda chake cha ufundi kilikuwa mtaa wa Cibitoke, lakini nyumba yake ilikuwa mtaa wa Bwiza, ndani ya ua mdogo alimoishi na mkewe, Sikuzani. Watu walimpenda, maana alikuwa mkarimu na mcheshi. Alikuwa na kasoro moja: mdomo wake ulitangulia kufika kila mahali, na yeye mwenyewe akafuata nyuma akihema.

Mdomo huo ndio uliomponza siku binti yake Khadidja alipojifungua mtoto wa kike. Khadidja alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi, na jioni hiyohiyo wakweze wakaja kumtazama mtoto. Aliyetangulia kuingia alikuwa Hamimu, mkwe wa Khadidja, baba wa mumewe Faridi. Twalibu na Hamimu walikuwa wanaitana “bamwana”, jina ambalo watu waliooleana watoto huitana kwa heshima, hata wanapotaka kutoana macho.

Hamimu alikuwa kinyozi. Saluni yake ilikuwa na kioo cha ukuta mzima, picha za wachezaji mpira wenye vichwa vya kila namna, na juu ya yote, ilikuwa na tondezi. Tondezi ni ile mashine ya umeme ya kunyolea, na Hamimu aliipenda ya kwake kiasi kwamba alivua kofia yake na kuilaza mashine humo kila alipotembea nayo.

“Siku ya akika,” alisema Hamimu, akimtazama mtoto aliyefunikwa gubigubi, “mi njo nitanyoa mujukuu yangu. Tondezi ni mupya. Inanyoa mupaka mawazo.”

Akika ndiyo siku ya saba. Siku hiyo mtoto hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, hupewa jina, na mbuzi huchinjwa watu wale washukuru. Twalibu alikuwa hajafikiria hata kidogo nani atamnyoa mtoto. Lakini mdomo wake ulikuwa umekwisha kuondoka.

“Apana, bamwana,” alisema. “Kwetu mutoto ananyolewa na wembe ya marehemu baba. Mi nilinyolewa nayo. Khadidja alinyolewa nayo. Mutoto wa Khadidja atanyolewa nayo, na mukono wangu mwenyewe.”

“Ile wembe ya muzee ingali iko?” aliuliza Hamimu, na macho yake yakabadilika kidogo.

“Iko! Nimeifunga ndani ya mahameli. Mahameli nyekundu.”

Sikuzani alipaliwa na chai. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kuona mahameli ya rangi yoyote.

Khadidja aliinua kichwa kitandani. Macho yake yalikuwa mazito kwa usingizi, lakini alitabasamu. “Kweli, baba? Wembe ya babu? Basi mi nataka hiyo. Isiwe ingine.”

Hapo ndipo Twalibu alipojua kwamba amejifunga kamba shingoni. Kumdanganya bamwana ni jambo la kawaida, tena lina ladha yake. Kumvunja moyo binti aliyejifungua asubuhi ni jambo lingine.

Wageni walipoondoka, Twalibu alianza kutafuta. Alipekua masanduku, akapekua magunia, akapekua debe la unga mpaka akatoka na masharubu meupe. Baadaye alisimama katikati ya chumba, akaweka mikono kiunoni.

“Mama Khadidja, umepeleka wapi wembe ya baba?”

“Mi?”

“Njo we. Vitu vyote humu ndani ni we unaviondoshaka. Umeiuza. Ama umeitoa sadaka.”

Sikuzani alikwenda taratibu hadi kwenye kabati kubwa la vyombo, lile lililobeba sahani zake za harusi zenye picha za waridi, akaelekeza kidole cha mguu chini. Mguu mmoja wa kabati ulikuwa mfupi kuliko wenzake. Chini yake kulikuwa na kitu chembamba, cheusi, kilichobanwa sakafuni.

“Nani aliweka pale?” aliuliza Sikuzani. “Siku tuliingiza hii kabati, nani alisema, ‘Tazama, mama, imetosha sawasawa, kama imepimwa’? Nani?”

Twalibu alijifuta unga usoni. Kisha akapiga magoti, akakivuta kitu kile kwa nguvu zake zote. Kabati likainama, sahani zikagongana kwa kelele kama watu wanaocheka, na wembe wa marehemu baba yake ukatoka.

Ulikuwa wembe wa kukunja, wa zamani, wenye mpini wa pembe. Kila wiki Sikuzani alikuwa akipiga deki, na kila wiki wembe ulikuwa ukinywa maji ya sabuni. Kutu ilikuwa imeula mpaka ukafanana na kipande cha ndizi iliyosahauliwa. Mpini ulikuwa na ufa. Na haukufunguka. Twalibu aliubana kwa meno, akaupiga kwa nyundo kidogo, akausihi kwa jina la marehemu. Haukufunguka.

“Mahameli yake imekuwa nyekundu kweli,” alisema Sikuzani, akitazama kutu.

Kesho yake Twalibu hakwenda Cibitoke. Alikaa uani juu ya kiti kifupi, akapanga vifaa vyake mbele yake, akaanza kazi kwa njia pekee aliyoijua, yaani kana kwamba mbele yake pana baiskeli iliyotolewa ziwani.

Kwanza aliutumbukiza wembe ndani ya kopo la mafuta ya taa, kama anavyofanya na mnyororo uliokakamaa, akauacha ulowe. Karibu na mlango wa ua alikuwa amekaa jirani yao, Consolée, mwanamke wa Uvira aliyekuwa akikaanga maandazi ya kuuza na ambaye hakukosa la kusema juu ya jambo lolote lililofanyika mbele ya macho yake.

“Muzee, unapika nini?”

“Ninasafisha wembe.”

“Ya kunyoa nani?”

“Mujukuu.”

Consolée alichungulia ndani ya kopo, akajifanyia ishara ya msalaba. “Yesu wangu. Mutoto ako na kosa gani?”

Adhuhuri wembe ulifunguka, kwa sauti ya mlango wa kaburi. Twalibu aliutoa, akaufuta, akaanza kuusugua kwa msasa uleule anaotumia kukwangua mpira kabla ya kuziba pancha. Kutu ilitoka kama vumbi la matofali. Ikajaa kwenye mikono yake, kwenye pua yake, na kwenye sinia la kwanza la maandazi ya Consolée, aliyelihama eneo lile huku akinung'unika. Pale msasa ulipokwaruza zaidi ya kusafisha, aliubadilisha kwa jivu laini na ndimu: akakata ndimu katikati, akaichovya jivuni, akasugua kwa kuzungusha, polepole, kutoka kwenye mgongo wa wembe kuelekea kwenye makali. Alisugua mpaka vidole vikamwasha. Aliuosha kwa maji, akaukausha upesi kabla kutu haijarudi, akapaka mafuta, akaanza tena.

Chuma kilianza kutokea. Kilitokea kwa aibu, alama moja hapa na moja pale, mpaka karibu na kiungo zikaonekana herufi mbili tatu za kiwanda kisichojulikana, na chini yake mkwaruzo mdogo wa msumari uliofanana na mwezi mchanga. Twalibu aliacha kusugua. Mkwaruzo ule aliujua. Baba yake, kinyozi maarufu wa Bwiza enzi zake, alikuwa akitia alama ile kwenye kila chombo chake cha kazi, na mtoto Twalibu alikuwa akipitisha kidole juu ya mwezi ule huku akisubiri zamu yake ya kunyolewa, akilia kabla hata hajaguswa. Alipitisha kidole tena. Halafu akapenga makamasi, akasema kwa sauti kubwa kwamba ni vumbi la kutu.

Pini ya kiungo ilikuwa imekwisha kuoza, kwa hiyo akakata kipande cha spoki ya baiskeli, akakipitisha, akakigonga pande zote mbili kikatulia. Ufa wa mpini aliuziba kwa solusheni, ile gundi ya pancha, akauzungushia utepe wa mpira wa ndani. Alipomaliza, wembe wa marehemu kinyozi maarufu wa Bwiza ulikuwa na spoki, pancha iliyozibwa, na harufu ya mnyororo.

“Sasa imekosa kengele tu,” alisema Sikuzani.

Yeye alikuwa na msiba wake. Tangu wembe utolewe, kabati lilikuwa likiyumba. Mtu akipita karibu, sahani zililia. Mtoto akikohoa, sahani zililia. Alikuwa amejaribu kadibodi, ikalainika. Alijaribu kandambili, kabati likawa linadunda. Alijaribu kipande cha sabuni, na baada ya kupiga deki kabati lilianza safari ya kuelekea mlangoni.

Ikabaki kunoa. Hapa Twalibu hakuwa na wasiwasi, maana aliona kunoa ni kusukuma chuma mbele mpaka kikate. Aliazima jiwe la muuza nyama, akayaondoa mapengo yote. Kisha akakumbuka kwamba baba yake alikuwa akimalizia kwenye ukanda wa ngozi. Ukanda hakuwa nao, ila ule uliokuwa kiunoni mwake. Akauvua, akaufunga kwenye msumari wa mwimo wa mlango, akauvuta kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaupitisha wembe juu yake, makali yakitangulia, kwa nguvu na furaha. Baiskeli nzuri, alikuwa akisema siku zote, haiendi kinyumenyume.

Wembe ulikata mkanda vipande viwili. Twalibu, aliyekuwa ameuvuta kwa uzito wake wote, akaenda nyuma hatua nyingi za haraka, akakaa ndani ya beseni la nguo za mtoto. Aliposimama, suruali haikusimama naye.

Katika hali hiyo ndipo Hamimu alipoingia uani, akivuta kamba ya mbuzi wa akika, mbuzi mweusi, mnene, mwenye manyoya ya kung'aa kama viatu vya bwana harusi.

“Asalaam aleikum, bamwana,” alisema Hamimu, akiutazama ukuta kwa adabu.

“Waaleikum salaam,” alijibu Twalibu, akiinama kuokota suruali. “Karibu. Nilikuwa nanoa.”

“Naona.”

Hamimu alifunga mbuzi kwenye mti wa mpapai. Alikiokota kipande cha mkanda, akakitazama kilivyokatwa, na kinyozi aliyemo ndani yake akashindwa kunyamaza. “Kwa jiwe, makali inatangulia. Kwa ngozi, mugongo inatangulia, makali inafuata nyuma. We umefanya kinyume. Ungekuwa na shingo ya mutu pale…” Alishika kofia yake, ambamo tondezi ilikuwa imelala. “Sikia, bamwana. Sitaki vita. Lakini ile ni kichwa ya mutoto, si tairi. Siku ya akika nikiona hiyo kitu yako haiko sawa, mi nanyoa na mashine, na maneno inaisha.”

“Utaona,” alisema Twalibu, akiwa ameshika suruali kwa mikono miwili.

Hamimu alipoondoka, Twalibu aligeuka akamwona Khadidja dirishani, mtoto begani. Alikuwa ameona yote. Hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma baba yake.

“Baba,” alisema, “kama haiwezekani, sema tu. Sitakasirika.”

“Itawezekana,” alisema Twalibu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliingia ndani bila kuongeza neno.

Siku zilizobaki alifanya kazi kwa kichwa kilichoinama. Alikumbuka kwamba Sikuzani hunoa kisu cha vitunguu kwenye kitako cha kikombe, pale kwenye ukingo usiopakwa rangi, mgumu na laini kama jiwe la mtoni. Kikombe kilikuwa kidogo kwa wembe. Sahani ya harusi ilitosha. Sikuzani alipomkuta amegeuza waridi zake chini juu, akinoa kwenye kitako cha sahani na kumwagia maji kwa kijiko, alikaa chini mwenyewe ili asianguke.

“Hiyo sahani,” alisema, “sijampa hata imamu.”

“Siivunji. Ninaiazima matako tu.”

Kwa ngozi, alichukua kiti cha baiskeli yake mwenyewe, ngozi halisi iliyolainishwa na safari zote za Bwiza hadi Cibitoke. Aliisimamisha baiskeli, akaketi nyuma, kwenye kibao cha mizigo, akaanza kuupitisha wembe juu ya kiti, mgongo ukitangulia, makali yakifuata. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, bila nguvu. Wapita njia waliochungulia mlangoni walisimulia kwamba Muzee Twalibu anaipiga pasi baiskeli.

Na wembe ukaanza kukata. Aliujaribu kwenye mkono wake wa kushoto, nywele zikalala. Alirudi kwenye kiti, akanoa, akajaribu tena. Mkono wa kushoto ulipoisha, akakunja suruali. Miundi ilipoisha, akafungua shati. Haukupita muda, Twalibu alikuwa amebaki laini kama sabuni iliyotumika, na bado hakuwa na uhakika, kwa sababu ngozi yake ilikuwa ngozi ya fundi, na mtoto si fundi.

“Mama Khadidja, niazime kidogo hapo nyuma ya shingo.”

“Rudia hayo maneno,” alisema Sikuzani, akiwa na mwiko mkononi.

Hakurudia. Alimwendea Consolée, ambaye alicheka mpaka akaunguza andazi. “Muzee, hii nywele yangu ni plastiki. Inatoka Tanzania. Ukikata, itabidi unirudishie kwa duka.”

Basi akamtazama mbuzi, na mbuzi akamtazama yeye.

Nia yake ilikuwa njema. Alitaka sehemu ndogo tu, pale nyuma ya bega, mahali ambapo hakuna mtu angeona. Alimlowesha kwa maji ya uvuguvugu, akampaka sabuni, akavuta ngozi kwa kidole gumba kama anavyomwona Hamimu akifanya, akashusha wembe. Manyoya yakatoka kwa sauti ndogo ya karatasi inayochanwa mbali. Chini yake ngozi ilibaki safi, ya kijivu, bila alama. Mbuzi hakulia. Alitafuna tu.

Sehemu ile, hata hivyo, ilikuwa na kona. Twalibu akainyoosha kona. Ikawa imezidi upande wa juu. Akasawazisha juu, ikazidi chini. Fundi aliyezoea kunyoosha ringi hawezi kuacha kitu kikiyumba. Alizidi kusawazisha, huku akiimba kwa sauti ya chini, na mbuzi, aliyependezwa na maji ya uvuguvugu, akapiga magoti, akajilaza ubavu, akafumba macho na kulala. Ndipo Twalibu alipotaka kumgeuza ili asawazishe na upande wa pili, akakuta hageuki.

Alisimama, akarudi nyuma hatua moja, akatazama kazi yake. Upande mmoja ulikuwa mbuzi mzuri wa akika. Upande mwingine ulikuwa kama mzee anayetoka kuoga.

“Ya Rabi,” alisema Twalibu.

Siku ya saba ua ulijaa. Turubai lilifungwa, mchele wa pilau ulilowekwa kwenye beseni kubwa, mikeka ikatandikwa. Mwalimu Abdu, mzee wa madrasa aliyekuja kusoma dua, aliketi mahali pa heshima. Twalibu alikuwa amemfunga mbuzi kando ya ukuta, upande wenye manyoya ukielekea wageni, na alisimama mbele yake kama mlinzi wa benki. Mpango ulikwenda vizuri mpaka mbuzi alipotaka kujua kuna nini kwenye beseni la mchele, akageuka.

Mazungumzo yalikatika kuanzia mkeka wa mbele hadi wa nyuma.

“Bamwana,” alisema Hamimu polepole, “nusu ingine ya mbuzi yangu iko wapi?”

Kicheko kilipasuka. Consolée alishika nguzo ya turubai asianguke. Watu walitoa simu zao, na kabla Twalibu hajafungua mdomo, mbuzi alikuwa amekwisha kufika kwenye makundi ya WhatsApp hadi mitaa ya Buyenzi na Gasenyi.

“Nilikuwa najaribu wembe,” alisema Twalibu.

“Mumesikia?” Hamimu aliwageukia wageni. “Mutu ameharibu mbuzi ya akika, na saa hii anataka kichwa ya mujukuu wangu! Mwalimu, hata hiyo mbuzi sijui kama inafaa tena.”

Twalibu alimtafuta Khadidja kwa macho. Alikuwa ameketi mlangoni na mtoto mapajani, akiuma mdomo, na baba yake hakuweza kujua kama anazuia kicheko au kilio.

“Mi nitamaliza hii mambo,” alisema Hamimu. “Mutaona tofauti ya kazi na michezo.” Akaingiza mkono kwenye kofia, akatoa tondezi, akamsogelea mbuzi kutoka upande wenye manyoya, akabonyeza.

Tondezi ilinguruma. Mtoto aliamka, akapiga kelele. Sahani ndani ya kabati zikaitikia. Mbuzi, ambaye maishani mwake alijua kunyolewa kuwa ni maji ya uvuguvugu na wimbo, aliruka juu kwa miguu minne, akampiga Hamimu pembe tumboni, akakata kamba, akatoka mlangoni akaingia barabarani. Tondezi ilipaa, ikazunguka hewani, ikatua katikati ya beseni la mchele. Ilinguruma mara moja ndani ya maji kama mtu anayesukutua, ikanyamaza.

Faridi na vijana walimkimbilia mbuzi. Bwiza nzima ilimwona: waliokuwa upande wa kulia wa barabara walisema amepita mbuzi mweusi, waliokuwa kushoto wakaapa kwamba amepita mwingine, wa kijivu, asiye na nguo. Faridi alirudi naye akiwa amembeba mabegani kama skafu, jasho likimtiririka.

Wakati huo Mwalimu Abdu aliinuka, akaomba mbuzi awekwe chini, akavaa miwani. Alipitisha kiganja juu ya ule ubavu ulionyolewa, kuanzia shingoni hadi kwenye paja, kama mtu anayechagua kitambaa cha kanzu. Akarudia, akielekea upande mwingine. Akainama, akatazama kwapani.

“Kipofu, haifai,” alisema. “Kilema, haifai. Mugonjwa, haifai. Kunyolewa si ugonjwa. Hata mi ninanyolewaka.” Watu wakacheka, lakini aliinua kidole. “Pili. Hapa hakuna damu. Hakuna mukwaruzo, hata kama ya mwiba. Twalibu, nani alishika hii mbuzi wakati unanyoa?”

“Hakuna mutu, Mwalimu. Ililala.”

“Ililala?”

“Usingizi kabisa. Ilikuwa inakoroma.”

Mwalimu Abdu alimtazama Hamimu juu ya miwani. “Mbuzi haijuaki heshima ya mukwe. Wembe ingekuwa mubaya, ingelia mupaka Buyenzi. Mashine yako, bwana Hamimu, imepata jibu, sisi wote tumesikia. Mi nasema wembe inafaa. Lakini mama wa mutoto njo atasema.”

“Wembe ya babu,” alisema Khadidja. Sasa ilionekana wazi kwamba alikuwa anazuia kicheko, maana kilimtoka na machozi juu.

Sikuzani alileta wembe kutoka jikoni, umechemshwa ndani ya sufuria kwa amri yake mwenyewe, kwa sababu, alisema, mjukuu wake hatanyolewa kwa grisi. Mtoto alilazwa mapajani mwake, akalainishwa nywele kwa maji ya uvuguvugu. Hamimu, akijishika tumbo, aliketi upande wa pili na kukinga kitambaa cheupe, maana nywele za kwanza hazidondoki ardhini. Hupimwa, na fedha ya uzito wake hutolewa sadaka.

Twalibu aliufungua wembe. Ndipo mkono wake ulipoanza kutetemeka.

Hakuwa ametetemeka kwenye mkono wake, wala kwenye miundi yake, wala kwenye ubavu wote wa mbuzi. Sasa aliona utosi wa mtoto ukipanda na kushuka chini ya ngozi nyembamba, laini kuliko kitu chochote alichowahi kukishika katika maisha ya chuma, na akagundua kwamba hakuna sehemu hata moja ya mtoto huyu inayofanana na baiskeli. Wembe ulibaki hewani.

“Baba Khadidja,” alinong'ona Sikuzani, “fanya tu kama ni mbuzi.”

“Mama!” alisema Khadidja.

Twalibu alicheka. Alicheka kwa pua, kifupi, na kile kicheko kikashuka begani, kikapita kwenye kiwiko, kikautuliza mkono. Alivuta ngozi kwa kidole gumba, akashusha wembe. Sauti ndogo ya karatasi inayochanwa mbali ikasikika, na shungi la kwanza la nywele nyeusi likaangukia kitambaani mwa Hamimu. Halafu la pili. Mtoto alipiga miayo, akalala.

Alipofika nyuma ya sikio, mahali pa mwisho na pagumu, Twalibu aliinua macho. Hamimu hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akitazama ule mkwaruzo wa mwezi mchanga karibu na kiungo, na macho yake yalikuwa yamelowa.

“Muzee alinipigaka kofi juu ya hii wembe,” alisema Hamimu kwa sauti ya chini. “Nilikuwa najifunza kwake. Nilitaka kuikunja na mukono mubichi.”

Twalibu aliugeuza wembe, mpini wa pembe na utepe wa mpira ukitangulia, akamkabidhi. “Basi kausha mukono, bamwana. Hapa nyuma ya sikio ni pa kwako.”

Hamimu alikausha mkono kwenye kanzu, akaushika wembe kwa vidole vitatu, kama alivyofundishwa, akaipitia kona ile kwa mkupuo mmoja. Mwalimu Abdu akamsomea mtoto dua, jina likatajwa, Fatouma, na wanawake wakapiga vigelegele. Mbuzi alichinjwa, pilau ikapikwa kwa mchele mwingine, na kila mgeni alipokula alitaka kujua kama nyama yake imetoka upande ulionyolewa au ule mwingine.

Jioni, wakati wa kahawa, kabati lilianza tena. Consolée alipita na sinia, sahani zikalia. Faridi alipiga chafya, sahani zikalia. Hamimu, aliyekuwa ameketi peke yake kwenye kona na tondezi iliyokufa mikononi, alilitazama kabati, akaitazama tondezi, akalitazama tena kabati. Aliinuka, akapiga magoti kwa shida kwa ajili ya tumbo lake, akamwomba Twalibu ainue. Twalibu akainua. Hamimu akaisukuma tondezi chini ya ule mguu mfupi.

Twalibu alishusha kabati. Alilitikisa kwa bega. Hakuna sahani iliyolia.

“Tazama, mama!” alisema. “Imetosha sawasawa. Kama imepimwa!”

Sikuzani alikuwa akiufunga wembe ndani ya kipande cha kanga yake nyekundu, akitafuta mahali pa juu pa kuuweka.

“Vizuri,” alisema, bila kugeuka. “Na siku mujukuu wa pili atazaliwa, mukianza kutafuta hiyo mashine, musiniulize mi.”